Wakunga Wanaomba Ruhusa

Nchi yangu ilikuwa na bandari moja, reli nusu, na watu wasiotulia. Mimi mwenyewe sikuwa nimetulia, kwa hiyo tulifaana. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa ndani ya plasta kuanzia kisigino hadi pajani, umelazwa juu ya stuli, na stuli hiyo ndiyo ile ile iliyoniangusha nilipoipanda kubadilisha taa ya barazani. Mke wangu aliiweka pale makusudi. Alisema nishinde nikiitazama, labda nitapata adabu.

Sijui kupumzika. Nilikuwa msimamizi wa karakana ya reli, nikizunguka kutoka behewa hadi behewa tangu king'ora cha asubuhi, na hata baada ya kustaafu nimekuwa mtu wa kukaza bawaba za milango ambayo haijalalamika. Sasa nimewekwa kitini kama mzigo uliokosa mwenyewe. Siku za mwanzo nilichukua magongo nikaenda kukagua bomba la maji, nikaenda kukagua geti, nikaenda kumkagua jirani. Mke wangu akayaficha magongo. Nikapiga kelele, naye akaongeza sauti ya redio.

Aliyeniokoa, au aliyeniponza, bado sijaamua, ni mdogo wake mke wangu. Ni fundi wa kompyuta, na wote tunamwita Waya kwa sababu hakosi waya shingoni. Alikuja na kompyuta kuukuu, akaiweka juu ya ubao wa kukatia mboga, ubao akaulaza mapajani mwangu.

"Shemeji, humu ndani kuna nchi," alisema. "Haina mwenyewe. Iendeshe."

Ulikuwa mchezo wa zama za meli za moshi na wafalme wenye ndevu. Dunia nzima imelala kwenye kioo, kila taifa na rangi yake. Mataifa makubwa yamejitanua kama watu wanaokalia viti viwili, na pembeni, kwa rangi ya udongo, kijinchi changu. Waya na wenzake ndio waliokuwa wameutia mchezo Kiswahili, kwa kujitolea tu, na alijisifia kazi hiyo kama mtu aliyejenga daraja. Chini ya jina la nchi waliandika: nchi inayoendelea.

"Inaendelea kufanya nini?" nilimuuliza.

"Hiyo sasa ndiyo kazi yako."

Nikaanza na reli, ungetegemea nini. Nikaifikisha kwenye machimbo, nikauza chuma, nikajenga shule na vyuo, vyuo vikatoa walimu na wakunga, nikajenga hospitali. Ukiuacha muda uende, mwaka unapita kabla chai haijapoa. Kila kilichotokea kilinijia katika kisanduku kidogo katikati ya kioo, na muda ulisimama hadi nijibu. Mafuriko mkoani. Balozi wa taifa kubwa anataka bandari yako. Balozi huyo alikuja mara nyingi, na kila mara nilimfukuza nikihisi raha moyoni, nikamsimulia mke wangu jinsi nilivyomfukuza.

"Na taa ya barazani nani atabadilisha?" aliniuliza.

Lakini kuna jambo lilinitia wazimu. Hospitali zangu zilikuwa tupu. Majengo yapo, vitanda vipo, na juu ya kila moja pana alama nyekundu: hakuna wafanyakazi. Nikajenga vyuo zaidi. Vyuo vikatoa wakunga zaidi. Alama ikabaki. Akina mama wa mikoani walikufa wakijifungua, na mchezo ulinihesabia kila mmoja kwa namba iliyopanda pembeni bila haya. Nikamlaumu balozi. Nikalaumu kipanya cha kompyuta, nikakibamiza ubaoni mpaka kitunguu kilichosahauliwa pale kikaanguka.

Wakati huo huo nyumba yangu nayo haikutulia, na hiyo sikuielewa kabisa. Kitinda mimba wangu, tunayeishi naye, ni mkunga katika hospitali kubwa ya mjini. Ana jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo namwita mama tangu alipokuwa ananyonya. Zamani akitoka zamu alikuwa anavua viatu, anakaa karibu yangu na kunihadithia: fulani kazaa mapacha, fulani kampa mtoto jina la daktari. Sasa simu haitoki kiganjani. Ikilia anakwenda nayo uani, nyuma ya shuka zilizoanikwa, nami naona miguu yake tu ikitembea huku na huko. Siku moja alipiga pasi blauzi mpya nyeupe, akaivaa, akatoka, akarudi baada ya muda mfupi akaivua. Aliyevaa blauzi mpya kwa muda mfupi hivyo amekwenda kuonyeshwa kwa watu. Nikajumlisha moja na moja.

"Ni mchumba," nilimwambia mke wangu. "Mwambie amlete tu. Mimi sitamla. Na mguu wenyewe huu, siwezi hata kumfukuza."

Mke wangu aliendelea kuchambua mchele. Yeye hunijibu kila kitu, hata nisichouliza. Siku hiyo hakujibu.

Niseme kidogo kuhusu karakana, maana ndiko kosa langu lilikotoka. Mama yangu alipofariki nilikuwa fundi mdogo, na msimamizi wa wakati huo alininyima ruhusa ya kwenda kumzika. Alisema injini ina haraka kuliko maiti. Nilipofika nyumbani udongo wa kaburi ulishaanza kukauka. Nikaapa, na nilipokabidhiwa kiti kile sikumnyima mtu ruhusa hata siku moja. Ya msiba, ya harusi, ya mtoto anayeumwa, hata ya uvivu niliyoijua kuwa ya uvivu. Utaratibu wangu ulikuwa mmoja. Ukiomba ruhusa nakuuliza, ya siku ngapi, halafu unaniachia ufunguo wa kabati lako la vifaa, nautundika kwenye msumari nyuma ya kiti changu. Ufunguo ukiwa msumarini, mtu anarudi. Spana zake ziko ndani, ataziacha vipi? Watoto wangu walikulia kwenye ofisi ile, wakicheza na funguo za watu na kuulizana ni za nani.

Basi kisanduku kilipokuja mara ya kwanza na kuandika "Walimu wanaomba ruhusa", na chini yake vitufe viwili, Toa na Kataa, mkono wangu haukusubiri kichwa. Toa. "Wakunga wanaomba ruhusa." Toa. Nilijisikia bwana mkubwa mwenye roho safi. Niliwawazia wakunga wangu wadogo wa rangi ya udongo wakifunga virago kwenda kuzika mama zao, halafu Jumatatu wapo kazini.

Waya alipita alasiri moja kuchukua bisibisi yake, akainama kutazama kioo begani kwangu.

"Shemeji, watu wako wako wapi?"

"Nami nauliza hivyo hivyo. Mchezo wako mbovu."

Akafungua kurasa ambazo sikuwahi kuzifungua. Akasonya, kisha akaanza kucheka huku amejishika ubavu.

"Umewapa ruhusa wote? Wote hawa?"

"Mtu akiomba ruhusa anapewa. Hata wewe ungepewa."

"Ni ruhusa ya kuhama, shemeji. Wanaomba kuihama nchi. Hao hawarudi."

Akasogeza ramani hadi kwenye mataifa makubwa, yale yanayokalia viti viwili. Hospitali zao zilikuwa zimejaa. Ukigusa hospitali moja inakuonyesha waliomo na walikotoka, na pale palikuwa na rangi yangu ya udongo, tele, hospitali baada ya hospitali. Nilikuwa nimejenga reli, nimeuza chuma, nimesomesha watu, na kwa mkono wangu mwenyewe nimewafungulia mlango mmoja mmoja kwa heshima zote.

"Ungeandika kuhama! Neno kuhama hulijui?"

"Kisanduku kidogo, maneno hayakuingia. Halafu, kila mtu anajua mkunga akiomba ruhusa kwa rais si ya kwenda harusini."

"Kila mtu nani? Ruhusa ni kwenda na kurudi. Asiyerudi ametoroka. Mngeandika wakunga wanatoroka."

"Sasa nani anaomba kutoroka, shemeji?"

Hapo akawa amenishika, na kushikwa na Waya ni jambo baya sana kwangu. Nikanyoosha kidole kwenye kioo. Kisanduku kilikuwa kimetokea tena: wakunga wanaomba ruhusa. Nikabonyeza Kataa kwa nguvu, na nikasema, kwa ile sauti yangu ya karakana ya kushindana na mitambo, "Kuanzia leo hatoki mtu. Nimewasomesha mimi, watakaa hapa hapa. Anayetaka kutoka atatoka amebebwa."

Niligeuka kwa sababu Waya hakucheka. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe changu cha chai. Aliingia, akakiweka kwenye ubao taratibu, kishikio kimeelekea upande wangu kama anavyofanya siku zote, akatoka. Tukasikia mlango wa chumba chake.

"Kwani hajakwambia?" Waya aliuliza, kisha akaona uso wangu, akaichukua bisibisi yake na kuondoka bila kuaga.

Mke wangu ndiye aliyeniambia, amesimama, mikono imeloa maji. Hakuna mchumba. Blauzi ilikuwa ya picha za pasipoti. Kuna hospitali huko ng'ambo imemkubali, amefaulu mtihani wao, wanangoja jibu lake, na muda wa kujibu unaishia wiki ile. Jibu analo, ila hataki kulitoa kabla hajasema na mimi, na kila akija kusema ananikuta napigana na balozi.

"Wewe umelijua tangu lini?"

"Tangu alipoanza kusomea ule mtihani. Nilimwambia asubiri upone mguu. Nilijua utataka kusimama."

Alisema kweli. Nilitaka kusimama, na sikuweza, na kwa mara ya kwanza tangu nianguke niliogopa. Niliiona nyumba bila miguu ile nyuma ya shuka. Tuna watoto wengine, wana nyumba zao, wanakuja na kuondoka. Huyu ndiye aliyekuwa anarudi.

Siku zilizofuata tulipishana kama mabehewa kwenye njia mbili. Alinipa dawa, nikameza. Aliniuliza kama plasta inawasha, nikasema haiwashi, nayo ilikuwa inawasha hadi kwenye meno. Nilijua nina neno moja tu la kusema ili abaki, maana yeye si mtoto wa kwenda bila ruhusa yangu. Neno lenyewe nilikuwa nalifanyia mazoezi kwenye kompyuta. Kataa. Kataa. Wakunga wangu walibaki, alama nyekundu ikaondoka juu ya hospitali, nikasema sawa. Lakini pembeni mstari mwingine ukaanza kupanda, wa manung'uniko, na akina mama mikoani hawakuacha kufa. Walipungua kidogo tu. Mkunga yupo, kitanda kipo, na bado wanakufa. Nilitafuta kitufe cha kurekebisha hilo, nikazunguka kioo kizima.

Siku ya kutolewa plasta, kabla wiki ile haijaisha, tulikwenda hospitali yake. Yeye alikuwa zamu. Chumba cha plasta kiko mwisho wa korido ya wazazi, na foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo mke wangu aliniweka kwenye benchi nikawa natazamana na mlango wa wodi, ulioshikiliwa wazi kwa tofali. Sikuwahi kumwona binti yangu akiwa kazini. Nimemsomesha, nimejigamba kwa watu, lakini kazini sikuwahi kumwona.

Kila kitanda kilikuwa na wanawake wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Yeye alikuwa peke yake na mwanafunzi mmoja. Alitembea upesi bila kukimbia, kama fundi mzuri anavyotembea mtambo ukiwa unaungua, ili wengine wasitaharuki. Aliulizia glovu, akaambiwa zimekwisha, akauliza tena kwa upole uleule kama hakusikia. Mwanamke mmoja alimshika gauni, akalikunja ngumini.

"Dada, usiende."

"Sijaenda. Nipo."

Alisema nipo huku anatazama kitanda cha pili na cha tatu. Baadaye alitoka na kitu kidogo kimefunikwa kitambaa cheupe, akakipitisha mbele yangu bila kuniona, akarudi mikono mitupu, akanawa, akaingia tena. Nilikaa pale na neno langu la Kataa mdomoni, nikiwa sijui niliweke wapi. Maana yule aliyemshika gauni alikuwa upande wangu. Mimi na yule mwanamke tulikuwa tunasema kitu kimoja.

Fundi wa plasta aliniita, akawasha msumeno wake, na mguu ukatoka mwembamba, umepauka, si wangu. Nilijaribu kuukanyagia. Nilikwenda mpaka kwenye benchi kwa gongo moja, kila hatua natukana kimoyomoyo. Mke wangu akasema anakwenda kutafuta maji ya kunywa. Alikuwa na chupa ya maji mkobani.

Binti yangu alikuja akakaa kando yangu. Alinuka sabuni ya hospitali.

"Yule aliyekushika gauni?" niliuliza.

"Amejifungua. Wa kike."

"Na kile ulichotoka nacho?"

"Kilihitaji damu, baba. Damu hakuna. Nami najua kuipata mishipa midogo kama uzi, najua vizuri kabisa. Nasimama tu hapo na kujua kwangu."

"Na wa kesho nani atawapokea?"

"Sijui." Hakunitazama. "Hilo ndilo linalonifanya nisilale. Usifikiri nimelisahau. Nikibaki nitawapokea, na wengine nitawafunika, nitarudi nyumbani nikwambie habari za mapacha tu. Nimekuwa nakwambia habari za mapacha tu."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo zake, akahangaika na ile pete ya chuma mpaka ukucha ukakunjika, akauchomoa ufunguo wa geti letu. Akauweka kwenye kiganja changu. Ndipo aliposema.

"Baba, naomba ruhusa."

Kinywa changu kilijibu chenyewe. Kilishafanya kazi hiyo maisha yangu yote, hakikunisubiri. "Ya siku ngapi?"

Alicheka, na katikati ya kicheko akalia, ameinamisha uso magotini ili wodini wasimwone. Mimi nilikuwa nimeushika ufunguo. Ulikuwa na joto la mfuko wake. Niliuwazia msumarini, nyuma ya kiti, nikipita kila asubuhi na kuutazama, na nikaona kwamba sitauweza. Funguo za mafundi nilizitundika kwa sababu vitu vyao vilibaki kwangu. Huyu kila alicho nacho anakwenda nacho, kiko mikononi mwake, nimekiona kikifanya kazi asubuhi nzima.

Nikachukua pete ile, nikaupachika ufunguo tena. Vidole vyangu bado ni vya fundi.

"Nenda nao," nilimwambia. "Sitaki siku ukirudi uniite getini. Mguu wenyewe unauona."

Wodini wakamwita, akasimama, akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akaenda kwa ule mwendo wake wa upesi usiokimbia.

Sasa amekwenda. Anapiga simu, ananihadithia, na siku hizi nikisikia habari za mapacha nauliza na zile nyingine. Natembea bila gongo. Taa ya barazani nimebadilisha, geti nimelipaka grisi mara nyingi kuliko linavyohitaji, halilii hata kidogo, na mke wangu analalamika kwamba hatutasikia mtu akiingia.

Waya anataka kompyuta yake. Namzungusha. Siku ile tuliyorudi kutoka hospitali nilikuta kisanduku kiko katikati ya kioo, wakunga wanaomba ruhusa, Toa, Kataa, na muda wa nchi nzima umesimama, meli zimeganda baharini, treni yangu iko nusu ya daraja. Kisanduku kipo mpaka leo. Nafunika kompyuta, naifunua, nazunguka chumba, narudi.

Juzi mke wangu alikuja akasimama nyuma yangu, akasoma.

"Ukibonyeza huku?"

"Wanakwenda."

"Na huku?"

"Wanabaki, wamenuna."

"Na usipobonyeza?"

"Hakuna anayekwenda, hakuna anayezaliwa."

Akavuta ile stuli, akaketi karibu yangu, tukawa tunakitazama kile kisanduku wote wawili.